Mshororo wa Tatu wa Mwalimu Mithika

Wazee kwa vijana, mliotembea tangu Mikinduri na mliokuja kwa basi kutoka Embu, familia imenichagua mimi mpwa wa marehemu niwasomee habari hizi, ingawa kisomo changu kiliishia darasa la nne, kwa sababu wasomi wa ukoo huu wangezisoma vizuri sana na kesho hakuna ambaye angezikumbuka.

Marehemu Mwalimu Mithika alizaliwa Nkubu tarehe 3 Juni 1924, ndivyo kadi ya ubatizo inavyosema, ijapokuwa nyanya yake alishikilia hadi kufa kwamba kadi hiyo iliandikwa na mtu mwenye haraka. Alisoma shule ya misheni hapo hapo kuanzia 1932 hadi 1940, akawa wa kwanza kila mwaka isipokuwa mwaka alioshikwa na tetekuwanga, na hata mwaka huo alikuwa wa pili akiwa kitandani.

Mwaka 1943 alipata cheti cha ualimu, akafundisha Mikinduri miaka minne, na Januari 1947 akahamishiwa Embu, ambako alikutana na Mzee Abubakar, mwenye bucha katika mtaa ule ambao leo tunauita Majimbo, mtu aliyekuwa na mashairi mengi kichwani kuliko nyama aliyoitundika dukani. Abubakar alimfundisha ushairi kwa kugonga kisu juu ya gogo la kukatia nyama, silabi moja pigo moja, mapigo manane, kimya kidogo, mengine manane, basi huo ni mshororo, na mishororo minne ni ubeti, nusu ya kwanza ya mshororo inaitwa ukwapi na ya pili utao, sauti inayojirudia mwishoni mwa kila nusu ndiyo kina, na mapigo yenyewe ndiyo mizani, naye alikuwa akisema kwamba ukipunguza pigo moja umemwuzia mtu nyama pungufu.

Tarehe 14 Agosti 1948 marehemu alifunga ndoa na Karwirwa wa Mikinduri, wakajaliwa Igoki mwaka 1949 na Koome mwaka 1952, na mtoto wa tatu tutamfikia, maana huyo aliingia duniani kwa mlango wa shida.

Mnamo Septemba 1954, Hali ya Hatari ikiwa imekaza kamba, Mwalimu aliwaandikia wanafunzi wake ubeti wa mfano, nao ni huu:

Wingu liko kileleni, pole pole linashuka,
Mbegu ziko mikononi, majembe yameinuka,
Likifika mashambani, tupande kwa haraka,
Enyi mlio nyumbani, tokeni bila kuchoka.

Abubakar aliugonga mara mbili juu ya gogo, akasema mshororo wa tatu una mizani kumi na tano, Mwalimu akaapa kwamba ni kumi na sita, wakanuniana wiki tatu nzima, hata nyama ya Jumapili ikawa inafika kwa Karwirwa bila salamu.

Jumanne tarehe 12 Oktoba, homugadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali ya kikoloni, wakiongozwa na Ndambiri walipekua nyumba ya Mwalimu wakakuta daftari lake, chini ya kila mstari ameandika nane na nane, na pembeni, kwa wino mwekundu, ni, ka, ni, ka. Ndambiri alitangaza mbele ya watu kwamba wingu la kileleni ni watu wa msituni, majembe ni silaha, nane ni hesabu ya watu wa kila kijiji, na hizo herufi ni kiapo. Mwalimu akapitishwa mbele ya gakunia, yule mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, na gunia likaitikia kwa kichwa. Mliokuwa na akili wakati ule mnajua, gunia likiitikia mtu alipelekwa kizuizini Manyani, na wengine hata Manyani hawakufika, na Karwirwa wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Afisa aliyemhoji alikuwa Mzungu kijana aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akamsikiliza Mwalimu akieleza, kisha akasema kila njama inaweza kujiita shairi, lakini kama hii ni sheria ya watu wengi, basi mwingine anayeijua ataieleza vile vile bila kudokezwa. Abubakar akaletwa, damu ya mbuzi bado mikononi, akawekwa chumba cha pili, ukuta wa mbao katikati na Ndambiri mlangoni na bunduki, na wote wawili wakaambiwa kwamba wakitofautiana neno moja watapanda lori pamoja jioni hiyo.

Mwalimu aliulizwa kwanza, akaeleza ukwapi, utao, vina na mizani, yote yakaandikwa, kisha akaulizwa kama ubeti wake umetii sheria hiyo sawasawa. Alitakiwa kukiri jambo alilolikana wiki tatu, akasema kwa sauti ndogo, "Wa tatu umepungua mmoja. Nilikosea."

Neno lilipomtoka tu, jasho nalo likamtoka, maana alimjua Abubakar, mtu asiyeweza kumwaibisha rafiki mbele ya mgeni, naye Abubakar hakuwa amesikia kilichosemwa, na huruma yake ingewaua wote wawili.

Kupitia mbao Mwalimu akasikia kidole kikigonga meza, nane, nane, kisha nane, nane, kisha nane, saba. Kimya. Kidole kikarudia, nane, saba, na kimya cha pili kikawa kirefu hivi kwamba marehemu alikuwa akisema alihesabu pumzi zake mwenyewe na hazikuwa na mizani yoyote. Ndipo sauti ya Abubakar ikapita ukutani.

"Bwana, huyu kijana hana siri. Hata mizani hana. Huu wa tatu unachechemea, nilimwambia, akaninunia mimi niliyemfundisha."

Afisa aliziweka karatasi mbili pamoja, akazisoma, akamwambia Ndambiri kwamba watu wa njama hawagombanii pigo moja. Hata hivyo walimweka Mwalimu siku nne zaidi, na Jumamosi tarehe 16 alipotoka hakwenda kwake, alikwenda buchani, akamwuliza rafiki yake kwa nini alisita.

"Nilitaka kukuficha, Mwalimu," Abubakar akasema, akiendelea kukata mbavu. "Ulimi ulikuwa tayari kusema kumi na sita. Hasira ikanishinda."

Mtoto wa tatu alizaliwa Desemba hiyo, mikononi mwa mke wa Abubakar, akapewa jina lake, Kuruthumu, na padre aliuliza mara mbili kabla ya kummwagia maji.

Mwalimu alifundisha hadi 1978, na kila darasa aliliandikia ubeti ule ule, na kila mwaka mwanafunzi fulani aligundua kwamba ukisema "tutapanda" badala ya "tupande" kosa limekwisha, naye alimsifu na kumkataza kugusa.

Aliugua figo tangu Agosti, akalazwa Nkubu mara tatu, na Jumamosi tarehe 17 Machi 1979, alfajiri, akatutoka, Karwirwa akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na masista waliomhangaikia, majirani waliokesha nasi na kupika bila kuitwa, na walimu wenzake waliochimba kaburi hili kwa mikono iliyozoea chaki.

Ubeti ule umechongwa msalabani kama mnavyouona, na leo asubuhi tulimwuliza Mzee Abubakar, aliyeketi pale mbele, kama sasa tuurekebishe, akagonga saba kwenye fimbo yake, akatwambia tuuache. Mwalimu, mizani moja tumekubakizia, nenda nayo, upumzike kwa amani.