Mama Rhobi na Udongo wa Chini ya Paini

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2013, Mama Rhobi Mogesi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na karibu miezi minne katika kitalu chetu cha miche hapa Tarime. Aliingia tarehe 3 Machi 1980 kama kibarua wa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Anaondoka akiwa msimamizi wa kitalu, na bado anajaza viriba upesi kuliko sisi sote.

Wageni wengi kwanza walimwona akinusa udongo. Mche wa paini haukui vizuri peke yake. Mizizi yake huhitaji kuvu, zile nyuzi nyeupe zinazoifunika mizizi kama soksi na kuitafutia maji na chakula. Ndiyo maana kila msimu Mama Rhobi huenda chini ya mapaini ya zamani, akachota udongo wenye kuvu na kuuchanganya kwenye viriba. Yeye huuita chachu. Dereva wetu Maftah husema kwamba tusipomwangalia, Mama atauonja.

Mwaka 2008 chachu ilimwangusha. Felista Waitara wa Matongo alikuwa ameachiwa shamba lenye mashimo matupu baada ya wachimba dhahabu kuhama, na Mama Rhobi alimwahidi miche ya kulifunika. Lori lilikuwa bovu, na mapaini tuliyozoea yalikuwa mbali mlimani. Akachagua udongo wa karibu, chini ya mapaini yaliyo kando ya kijito ambako dhahabu ilioshwa kwa zebaki. Miti ile ilikuwa mirefu na ya kijani, naye akaiamini.

Tarehe 12 Novemba miche ilianza kuwa ya njano. Aling'oa mmoja, kisha kumi. Mizizi ilikuwa myeusi na mitupu. Majibu ya vipimo yalionyesha zebaki na madini ya risasi kwa wingi kwenye udongo. Miti mikubwa ilikuwa imeota kabla dhahabu haijaanza kuoshwa pale, ikaendelea kusimama, lakini kuvu iliyokuwa kwenye udongo wa juu ilikuwa imekufa. Tulitupa miche 6,400.

Baadhi yetu tulimshauri aandike kwenye daftari la kitalu kwamba chanzo ni ukame. Aliandika: "Udongo niliuchagua mimi." Kisha akapanda bodaboda hadi Matongo kumwambia Felista mwenyewe. Felista alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama wachimbaji wamemharibia shamba na wataalamu nao wamekuja kulimalizia. Hata hivyo alimpa chai.

Tangu hapo hatutumii chachu yoyote kabla ya kuijaribu kwa miche ishirini na kukagua mizizi baada ya wiki kumi. Kwa chachu safi kutoka Ringwani, kijijini kwa Mama Rhobi, na mashimo mapana yaliyojazwa udongo mzuri, tulipanda miche 400 kwa Felista mwezi Machi 2010. Leo iliyo hai ni 231. Regina wa ofisini alipendekeza tuandike "zaidi ya nusu". Mama Rhobi alitaka namba kamili.

Mwaka huu mvua za masika zilipoanza, uyoga, ambao ni tunda la kuvu hiyo, uliota chini ya mapaini ya Felista. Felista alikuja na kikapu. Mama Rhobi alifurahi hadi akapiga kigelegele, kisha akamkataza kuupika, kwa kuwa uyoga unaweza kunyonya madini ya udongoni. Felista akamwambia kwamba amengoja miaka mitano na sasa ananyimwa hata mboga.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba safari moja ya Matongo na ndoo moja ya udongo wa chini ya miti ile. Alitaka kujua kama shamba la Felista sasa linaweza kulea miche mingine. Aliotesha miche ishirini katika udongo huo tarehe 15 Aprili. Jumatatu wiki hii alikagua mizizi yote, sisi tukiwa tumemzunguka. Maandishi yake ya mwisho katika daftari la kitalu ni haya: "Saba ina kuvu. Kumi na tatu haina. Bado. Rudieni Machi."

Mama Rhobi, asante kwa kutufundisha kung'oa mche na kutazama kabla ya kusema. Upumzike vizuri Ringwani, uwe na afya na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Safari ya Matongo ya Machi imeshaandikwa kwenye kalenda ya lori, na Maftah atakupitia saa moja asubuhi.