Taa ya Ubavuni: Miaka Ishirini na Miwili ya Mama Lucky

Ijumaa, tarehe 27 Februari 2026. Asubuhi hii baridi ni nyuzi nne chini ya sifuri, anga ni safi, na jua la chini linaipiga theluji ya maegesho kwa ubavu hata kila alama ya kiatu inaonekana. Leo ndiyo siku anayostaafu Bi. Ephrasia Kokushubira, Mama Lucky wetu, baada ya miaka ishirini na miwili katika ghala letu la mablanketi na mazulia hapa mjini Eagan. Ukiutazama mwanga huu, utadhani aliuagiza mwenyewe.

Alianza mwaka 2004 kwenye upakiaji. Baadaye mpiga picha wa katalogi alipata kazi mji wa jirani, Eden Prairie, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kupanda ile ngazi ya taa, Mama Lucky alipanda. Mwanzoni alipiga picha kama alivyoikuta kazi: taa mbele, blanketi ukutani. Blanketi la sufu lilitoka laini kama karatasi. Siku moja taa iliungua, akalisogeza blanketi karibu na dirisha ili asipoteze zamu. Mwanga ukapita juu ya kitambaa kutoka pembeni, na kila uzi ulioinuka ukatupa kivuli chake kidogo. Ilikuwa picha ya kumfanya mtu ajikune kwa kuitazama tu. Tangu siku hiyo taa ilikaa ubavuni, haikurudi mbele.

Kwa mazulia ilikuwa neema, maana wateja walianza kujua wanachonunua. Kwa vitu vingine ilikuwa mtihani. Taulo zilitoka kama shamba lililolimwa, na mteja mmoja akaandika kuuliza kama zinafaa kusugulia masufuria. Shuka za satini zilifichua kila kunjo, hivyo Bahizire, aliyekuwa akimsaidia studio, alipiga pasi shuka moja asubuhi nzima na bado Mama Lucky akaona milima.

Kisha, mwaka 2015, uongozi ulimwomba apige picha za vitambulisho vya wafanyakazi wote. Hakuna aliyekumbuka kumwambia asogeze taa.

“Mama Lucky, hii ni badge ama ni X-ray?” aliuliza Wairimu wa dispatch, idara ya kutuma mizigo.

“Maman, hizi mashimo zote ni zangu?” akauliza Bahizire, akijishika shavu.

“Ni zako, baba. Mimi nimeleta taa tu.”

Walinzi wa lango walikiri kwamba hawajawahi kuona vitambulisho vinavyotambulisha kiasi kile.

Hapa kwetu kuna desturi: picha ya kila mstaafu hutundikwa kwenye korido ya kantini. Za miaka ya karibuni zote kazipiga yeye, na kila mtu katoka kama aliyechongwa kwenye gome la mti. Mzee Kamau wa forklift alipoiona yake alilalamika kwamba amegeuzwa kobe. Lakini mkewe, aliyekuja kwenye sherehe kutoka Coon Rapids, aliisogelea na kuigusa mikunjo ya pembeni mwa macho.

“Wacha kelele, Baba Alvin,” alisema. “Hii mikunjo ni ya kucheka, na nusu nimechangia mimi.”

Kwa hiyo wiki iliyopita, zamu ya Mama Lucky mwenyewe ilipofika, tulijaa mlangoni mwa studio. Niyibizi, anayeirithi kamera, alikuwa ameshaiweka taa ubavuni. Mama Lucky aliingia na wigi jipya na poda, akaketi, akaiangalia ile taa kama mtu anayemwangalia daktari wa meno.

“Ilete mbele.”

“Mbele, Mama?” Niyibizi hakuamini.

“Mbele. Na ile nyingine pia.”

“Aki Mama Lucky!” Wairimu alipiga makofi. “Sisi umetuanika miaka yote hii, na wewe unajificha?”

“Mimi ni mstaafu. Anikeni walio kazini.”

Picha ilitoka nyororo kama yai lililomenywa. Jumatatu ikatundikwa. Jumanne binti yake, Lucky, alikuja kumchukua. Alipita koridoni taratibu, akiwachekea kina Mzee Kamau mmoja mmoja, akaipita picha ya mwisho, kisha akarudi nyuma.

“Mom, who’s this lady?”

Mama Lucky alipanda kiti, akaishusha ile fremu, akaitia kwapani na kutoka nayo hadi kwenye gari.

Ndiyo maana leo ukutani kuna msumari mtupu. Picha itapigwa upya mbele yetu sote, kabla ya pilau.

Mama Lucky, tunakushukuru kwa kutuonyesha tulivyo, hata siku ambazo hatukuomba. Tunakutakia asubuhi zisizo na kengele ya zamu, madirisha yanayopata jua, na afya ya kuyafaidi. Njoo utusalimie. Tutapiga pasi.

Jana usiku alimpigia simu Wairimu, mwenyekiti wa kamati ya sherehe.

“Kesho taa mtaiweka wapi?”

“Wewe unataka ikae wapi, Mama?”

Mama Lucky akaenda kwanza kwenye kioo.

“Ubavuni,” akasema. “Lakini kushoto. Kulia nimeota chunusi.”

Saa nne na nusu akamtumia Wairimu ujumbe kwamba sasa anaweza kulala.