Takwimu Zinapatikana kwa Kuomba

Mtafiti: Haloo? Nani mwenzangu?

Fundi: Kaka yako. Fundi mageti. Umeshafuta namba yangu?

Mtafiti: Kaka! Shikamoo. Nimebadilisha simu, ndiyo ma—

Fundi: Marahaba. Nipo hospitali na mtoto, Bonge.

Mtafiti: Bonge? Ana nini?

Fundi: Tumbo, degedege, miguu haina nguvu. Malaria hana. Daktari anahisi ni sumu ya risasi, ile ya kwenye betri. Damu imepelekwa nje kupimwa, majibu bado.

Mtafiti: Jamani, mwanangu! Pole sana, ka—

Fundi: Pole baadaye. Daktari anasema alikuomba vipimo vya udongo wa mtaa wetu ili asitibu kwa kubahatisha. Mara mbili. Hukujibu.

Mtafiti: Barua pepe huwa nyingi, kaka...

Fundi: Andiko lako la utafiti analo. Mstari wa mwisho amenisomea: takwimu zinapatikana kwa kuomba. Mwenzio kaomba.

Mtafiti: Hiyo kila mtu huandika. Ni desturi ya—

Fundi: Ya uongo?

Mtafiti: Usinifokee! Wale ni watu wa tiba, mimi mtu wa udongo. Nikiwapa zote, wataandika wao kwanza. Andiko langu la pili bado halijatoka. Nimeungua jua miaka—

Fundi: Na koleo alikushikia nani? Ulichota udongo uani kwangu, ukanywa na chai.

Mtafiti: Najua.

Fundi: Umeandika sumu imezidi kwenye baadhi ya nyua. Zipi?

Mtafiti: Majina tuliyaondoa, tukaweka namba. Kuwalinda watu.

Fundi: Kuwalinda na nani? Na daktari?

Mtafiti: Haloo? Unakatika—

Fundi: Sikatiki. Nasikia mpaka feni ya ofisini kwako.



Mtafiti: Bonge huwa anachezea wapi?

Fundi: Uani, wapi tena? Mama yake anamtandikia mkeka pale kwenye ukuta wa wale jirani zetu wayeyusha betri. Pana kivuli.

Mtafiti: Msimrudishe pale, kaka. Na mdogo wake mtoeni. Leo hii.

Fundi: Kumbe ua wangu unaujua.

Mtafiti: Namtumia daktari sasa hivi. Zote, na majina. Wallahi.

Fundi: Umejua tangu lini?

Mtafiti: Ngoja, kompyuta inawaka—

Fundi: Mwezi uliopita ulikuja. Ulimbeba. Ukampangusa vumbi mdomoni kwa mkono wako huo huo. Ulikuwa unajua?

Mtafiti: (sauti ya chini) Profesa wangu alisema tusubiri kwanza—

Fundi: Mimi sijamuuliza profesa.

Mtafiti: Kaka, nakuja huko. Natoka sasa.

Fundi: Tuma kwanza. Salio langu linaisha. Na ukija, mimi sisemi kitu. Wifi yako yupo hapa kwenye benchi, anadhani ni maziwa aliyompa ndiyo yaliyomdhuru. Utamwambia wewe, kwa mdomo wa—

Mtafiti: Kaka? Haloo? Kaka!