Nani Atangulie Kuvaa Joho

Basi la wafanyakazi wa chuo kikuu lilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mbele yangu, mhadhiri wa historia alimnong'oneza jirani yake wa falsafa: "Chama chetu cha wahadhiri kimesema leo tushuke tumevaa majoho, tusimame getini kupinga idara zetu kufungwa. Lako liko wapi, kaka?" "Kwenye mfuko. Lakini nina watoto, dada. Tangulia wewe." "Nitangulie mimi? Atakayeanza kuvaa ndiye atakayeanza kufukuzwa!" "Basi tuvae pamoja." "Haya, anza." Wasomi bwana, hata woga wanaufanyia mjadala.

Basi likasimama. Getini mlinzi alikuwa ameinua simu, anatupiga picha dirisha kwa dirisha. Hakuna aliyeinuka. Mimi nikausukuma mfuko wangu chini ya kiti kwa kisigino, joho lisije likachungulia.