Sahihi Arobaini na Moja za Baa ya Shangazi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Leseni ya Baraza. Maofisa mlioongozana naye. Majirani wa pande zote mbili za ukuta. Na wewe Shangazi, uliyeomba usitajwe humu. Utusamehe, utatajwa tangu mwanzo hadi mwisho.

MAKARIBISHO

Sisi wateja na majirani wa baa hii tunakukaribisha. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye mgongo, vingine vyote ni mabenchi, na mabenchi ndiyo yaliyokuleta. Mbele yako tumeweka maji, kwa kuwa tumeambiwa ukaguzi na bia havikai meza moja. Anayekusomea ni kinyozi wa kibanda kinachofuata. Tumemchagua kwa sababu amezoea kuongea na watu wasioweza kuondoka.

HISTORIA

Baa ilifunguliwa miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka ambao kiwanda cha magunia kilifungwa na Shangazi, aliyekuwa akifanya kazi humo, akarudi nyumbani na vidole vyenye makovu ya uzi. Sote tunamwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliye mpwa wake wa damu. Alianza na friji moja, hiyo inayonguruma nyuma yako, na mabenchi sita yaliyotoka shule fulani iliponunua madawati mapya. Leseni yake, Mheshimiwa, ni ya kunywea hapa hapa. Ameitia fremu na kuitundika juu ya kaunta, na kila asubuhi huifuta vumbi kabla hajagusa glasi. Wapo wanaosema huisalimia. Sisi hatujathibitisha.

MAFANIKIO

Kwa kifupi, hapa mtu haugui peke yake. Mmoja akilazwa, karatasi inazungushwa, kila mtu anatia sahihi siku atakayokwenda kumwona, na mgonjwa hapitishi siku bila mgeni. Fundi bomba alipovunjika nyonga alitembelewa mpaka akaomba apumzike.

Karatasi hiyo ina desturi yake. Ikifika mbele yako unatia sahihi kwanza, halafu ndipo unauliza ni nani anaumwa. Kuuliza kwanza ni uchoyo, ni kama kupima kama mgonjwa anastahili. Mzee mmoja mstaafu wa benki aliwahi kuishika karatasi na kusema, "Hii ni ya nini?" Tangu siku hiyo anaitwa Polisi, na mke wake naye anaitwa Mama Polisi, ingawa hakuwepo.

Tunaomba uikumbuke desturi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotutia kitanzini.

KILICHOTUPONZA

Nyuma ya ukuta wetu wa kushoto kuna mshonaji wa nguo anayeitwa Mama Cherehani. Benchi letu la nje lilikuwa limesogea mwaka hadi mwaka, kama mtoto kitandani, mpaka likafika mlangoni kwake. Wateja wake walikuwa wakivuka miguu ya watu ili wapimwe gauni. Drafti nayo tulikuwa tunaicheza kwa kupiga kete mezani kwa nguvu, na kila pigo sindano yake iliruka. Alisema mara ya kwanza, tukacheka naye. Mara ya pili tukamletea soda. Mara ya tatu hakusema.

Alichofanya, Mheshimiwa, ni kuandika barua kwa Baraza. Aliomba leseni ya Shangazi ibadilishwe iwe ya kuuza chupa zilizofungwa, mtu anunue na kwenda zake, na mabenchi yaondolewe. Halafu akaja nayo hapa hapa kaunta, saa tisa alasiri, baa imejaa, akaiweka pamoja na kalamu.

Shangazi alikuwa anapanga kreti. Aliiona karatasi, akafuta mikono kwenye khanga, akatia sahihi ya kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba hutangulia. Alichouliza ni kama mgonjwa yuko hospitali au nyumbani. Mama Cherehani alimwangalia sana, kisha akasema wasome. Fundi bomba akamjibu kwamba huruma haisomwi. Karatasi ikazunguka. Ilirudi na sahihi arobaini na moja, na wengine walikuwa wameongeza siku watakazokwenda. Polisi ni wa kumi na saba. Anasema hakutaka kupewa cheo kingine.

Barua ya Baraza ilifika baada ya wiki sita. Shangazi aliisoma amesimama, akavaa miwani akaisoma tena, akakaa juu ya kreti. Ilisema kwamba kwa kuzingatia ombi la wakazi arobaini na mmoja, akiwemo mwenye leseni mwenyewe, baa haitakuwa tena ya kukaa kuanzia mwezi ujao, ukaguzi ukishafanyika. Tulipandwa na hasira, tukataka kuwajua hao wakazi wanafiki. Ofisi ikatuletea nakala. Shangazi aliteremsha kidole orodha nzima, polepole, jina kwa jina, na kila alipotaja mtu, mtu huyo aliinamisha kichwa kwenye glasi. Kisha akarudi juu kabisa.

"Nimejifukuza mwenyewe," akasema, "na kwa mwandiko mzuri."

Siku ile hakumfukuza mtu wala hakumnunia mtu, na hilo ndilo lililotuumiza. Alihudumia kama kawaida, akafunga, akashusha fremu ya leseni ukutani, akaenda nayo nyumbani. Alama nyeupe unayoiona juu ya kaunta ni mahali pake.

Baadhi yetu tulikwenda kwa Mama Cherehani tukiwa na maneno mengi. Alitusikiliza huku mguu uko kwenye pedali.

"Mimi sikumdanganya mtu," akasema. "Niliiweka mezani, nikawaambia someni. Nani alisoma?"

Tulirudi baani. Tangu hapo benchi la nje limeingizwa ndani, na kete tumezibandika vitambaa kwa chini. Vitambaa ametukatia yeye mwenyewe.

MAOMBI

Kwanza, hatuombi Baraza lione kwamba lilikosea. Lilipokea sahihi halali za watu wazima. Tunaomba tu zihesabiwe kwa kile zilichokuwa, yaani watu arobaini na mmoja waliokubali kumtembelea mgonjwa wasiyemjua.

Pili, leseni ibaki ya kunywea hapa hapa, kwa masharti utakayoyaona yanafaa. Tunapendekeza lile la kukataza benchi nje upande wa kushoto liandikwe la kwanza. Akiuza chupa na watu waondoke, Shangazi atafunga kabla ya mwaka kwisha, maana bia yake si bora kuliko ya duka la kona. Watu hawaji hapa kwa bia, Mheshimiwa, ingawa hawaiachi.

Tatu, karatasi yoyote ya Baraza inayohusu baa hii isomwe kwa sauti kabla haijapewa kalamu. Tumepitisha hivyo hivyo kwa karatasi zetu. Mgonjwa sasa anatajwa jina kwanza, na Polisi ndiye msomaji. Cheo amekikubali.

Risala hii imesomwa hapa mara tatu. Imechukua siku nne, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuisoma tena peke yake, na Polisi ameirudisha mara mbili kwa ajili ya nukta. Sahihi zipo chini, arobaini. Ya thelathini na tisa ni ya Mama Cherehani, ambaye ameandika pembeni: "Nimesoma. Nakubali sehemu ya benchi tu."

Nafasi ya kwanza tumeiacha wazi. Ni ya Shangazi. Tulimpelekea kalamu, akairudisha. Amesema karatasi moja tu ndiyo atakayoitia sahihi mwaka huu, itakayotoka mkononi mwako, na ataisoma kwanza, yote, hata kama utasubiri.

Mungu akuongezee subira, aibariki safari yako ya kurudi, na akupe majirani wanaosema hata mara ya tatu.

Ni sisi,
Umoja wa Wakaa Mabenchi na Majirani wa Baa ya Shangazi