Kiti Alichokiomba Mama Dama Rai

Wazee wetu shikamooni, majirani na jamaa poleni kwa msiba, familia iliombwa jana isome wasifu wa mama kwa kifupi na iyaache yaliyopita, lakini mama hakuwa mtu wa kifupi, kwa hivyo mtatuvumilia.

Marehemu Dama Rai alizaliwa tarehe 14 Aprili 1949 karibu na Mackinnon Road, akasoma huko huko kuanzia mwaka 1958 hadi darasa la nne, alipoachishwa akachunge ng'ombe wa baba yake. Tarehe 12 Disemba 1970 alifunga ndoa kanisani na Mwero Kavumbi, seremala, wakahamia Ukunda, wakajaliwa watoto watatu, Kavumbi, Kahaso na Cynthia. Kuanzia 1974 hadi alipostaafu 2004 alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, akiwapangia wageni viti ufukweni, na mgeni mzee akionekana amesimama, ole wao waliokuwa zamu.

Baba alipofariki tarehe 9 Juni 2016, mama alishikilia jambo moja, kujinunulia unga na mchele wake mwenyewe, na tukisema tutamnunulia, alitununia. Alinunua kwa jirani yake Alamin, aliyemwekea kigoda na maji ya kunywa, mpaka supamaketi ikafunguliwa Kona ya Musa na duka la Alamin likafa, mwaka 2020. Jamani, taabu ikaanza hapo: mchele uko juu asikoufikia, bei zimeandikwa kwa herufi za sisimizi, foleni haisogei, na kiti hakuna hata cha dawa. Aliomba kiti kimoja, akaomba tena kwa adabu, kila meneja mpya akaanza naye upya, mmoja akamjibu kuwa pale si hotelini. Mama akamwambia, "Mwanangu, sikuja kukaa, nimekuja kununua, lakini na magoti yangu nimekuja nayo."

Basi akabeba mbuzi yake ya kukunia nazi, aliyochongewa na baba, apate kuikalia kwenye foleni. Askari wa mlangoni akasema kile chuma chenye meno ni silaha, mama akaenda akaking'olesha kwa fundi, akarudi, na wakati wa kutoka akadaiwa risiti ya kibao chake mwenyewe, mtu mzima wa miaka sabini na tano, mbele za watu. Aliuacha unga pale pale, akaja akaisukuma mbuzi mvunguni, na tangu siku hiyo tulimnunulia sisi. Linatuuma hadi leo.

Aliugua moyo tangu Agosti 2024, akalazwa hospitali ya Msambweni mara mbili, akafariki tarehe 2 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wote, Alamin aliyeshinda nasi tangu siku ya kwanza, na wafanyakazi wenzake mama wa hotelini. Tunaishukuru na supamaketi, maana viti hivi mlivyovikalia wameleta wao, bure, bila kuombwa. Ahsanteni ndugu wa supamaketi, ila jioni mkija kuvichukua, kimoja mkiweke pale kwenye foleni, na mkishindwa, kiacheni hapa, tutakipeleka wenyewe.

Mama, viti vimekuja. Pumzika kwa amani.