Bwana Tisini na Mchana Tuliomwacha Alale

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Wasifu huu niliombwa niuandike kwa ufupi na kwa utulivu. Kwa ufupi nitajitahidi. Utulivu sina, kwa sababu tangu Jumatano nasikia jikoni na kwenye viti vya nyuma kwamba mke wa marehemu alimtazama mumewe akifa usingizini asimwamshe. Lisemwalo lipo, ni kweli. Ila mmelibandika kwa asiyehusika, na nikifika mahali pake nitasema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa pili kati ya wawili. Mama alisimulia kwamba alikuwa mtoto wa kulala popote: juu ya gunia, chini ya meza, mara moja ndani ya karai la kufulia. Baba alimwita mvivu. Hakuwa mvivu, na jina hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Akiwa darasa la sita alichapwa kwa kusinzia kipindi cha hesabu, na badala ya kulia akaanza kumchunguza mwalimu. Aliandika nyuma ya daftari: mwalimu amepiga miayo saa nne kasorobo, amepiga tena saa tano na robo. Kesho yake hivyo hivyo. Daftari lilipokamatwa alichapwa mara ya pili, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba kati ya mwayo na mwayo kuna kama dakika tisini. Baada ya sekondari alijiunga na chuo kikuu, akahitimu saikolojia mwaka 1983.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya usingizi ya chuo hicho. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya kichwani mwa watu waliojitolea kulala pale, kisha kusoma mistari ambayo kalamu za mashine zilichora kwenye karatasi. Alitueleza kwa subira hata sisi tusiouliza. Mtu huanza na usingizi mwepesi, akazama kwenye mzito, akapanda tena hadi ule wa ndoto ambao macho huchezacheza chini ya kope, halafu safari inaanza upya. Mzunguko mmoja ni kama saa moja na nusu. Yeye aliamini wimbi hilo halikomi tukiamka, kwamba hata mchana mwili huchoka kila baada ya muda huo na kuomba upumzishwe kidogo. Wenzake walisema ushahidi ni mchache. Alijibu kwamba hauwezi kuwa mwingi ikiwa hakuna anayeutafuta. Kwa miaka kumi na mmoja alimwomba mkuu wa idara ruhusa ya kuutafuta, na kwa miaka kumi na mmoja aliambiwa, "Lete maombi muhula ujao." Mashine ilipoharibika mwaka 1996 chumba kikageuzwa stoo ya viti. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Alihamia ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda cha nguo. Huko alipendekeza mafundi wapumzike dakika kumi kila baada ya saa moja na nusu. Meneja alimwambia, "Bwana Tisini, hapa ni kiwandani, siyo nyumba ya wageni." Jina likamganda. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, na alipiga hivyo hivyo hadi alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja kujitolea kwenye maabara. Wifi yangu akiulizwa walikutana vipi hujibu, "Alinikuta nimelala." Waliishi kwa maelewano miaka thelathini na sita, isipokuwa kwa jambo moja. Ukutani kwenye korido marehemu alitundika ubao. Kila anayekwenda kulala aliandika saa, na ilikuwa marufuku kumwamsha kabla mzunguko haujatimia. Alisema kumwamsha mtu kwenye usingizi mzito ni kumtoa mgeni nje kabla hajavaa viatu. Binti yake mkubwa nusura akose usaili wa kazi kwa sababu zilibaki dakika saba, na baba amesimama mlangoni kama askari. Tulicheka, tukalalamika, tukatii. Mimi nilitii kuliko wote, maana niliwahi kuungana na baba kumwita mvivu, na nilitaka ajue kwamba sasa namwamini.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2015. Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, baada ya chakula cha mchana, alisema kichwa kinamgonga. Aliandika saa nane kamili kwenye ubao, akajilaza kwenye kochi. Saa nane na robo mkewe alinifuata uani nikianika nguo.

"Wifi, twende tukamwamshe. Huu mkoromo siuelewi."

"Mwache. Ndo kwanza anazama. Tisa na nusu tutamwamsha."

Akaenda, akarudi.

"Wifi, nakwambia si mkoromo wake."

"Miaka yote hiyo hujamzoea mumeo? Ukimwamsha sasa atatununia wiki nzima."

Akakaa chini kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Saa tisa na nusu tulimwita asiitike, na mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja. Hospitalini walisema ni kiharusi, mshipa umepasuka kichwani. Nilimuuliza daktari kama angepona tungemleta saa nane na robo. Akasema, "Huenda." Nilimuuliza mara tatu, na mara zote alinipa huenda. Ndugu yangu alifariki Jumatano tarehe 12 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita.

Sasa mmesikia. Aliyetaka kumwamsha ni mkewe. Aliyemzuia ni mimi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja. Mungu ampe ndugu yangu pumziko jema. Na mwenye neno juu ya mke wake, nimesimama hapa, aje aniambie mimi.